Utando wa oksaidi: Vihami viwili vikikutana, umeme hupita

MSAFIRI anayetoka Naro Moru kuupanda Mlima Kenya huona maji yakiganda usiku katika kambi za juu. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni mpangilio wa chembe zake. Wanafizikia nao huunda hali mpya za maada kwa kupanga atomi, tabaka juu ya tabaka, katika utando wa oksaidi changamano.

Oksaidi changamano ni muungano wa oksijeni na metali mbili au zaidi. Unene wa utando wake huweza kuwa nanomita chache tu. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Hutengenezwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa: miali ya leza hupiga kipande cha oksaidi, na mvuke wake hutua juu ya fuwele iliyopashwa moto na kujipanga humo.

Mwaka 2004, Akira Ohtomo na Harold Hwang walieleza katika jarida la Nature kwamba oksaidi ya lanthani na alumini ikiwekwa juu ya oksaidi ya stronti na titani, umeme hupita mpakani mwake, ilhali kila moja peke yake ni kihami. Mwaka 2007 ilibainika kuwa mpaka huo, ukipozwa hadi karibu nyuzi 273 chini ya sifuri, hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Elektroni zilizobanwa humo huacha kwenda kila moja kivyake, zikatenda kwa pamoja kwa kanuni za kwantamu.

Baridi hiyo ni kali mno kwa matumizi ya kawaida. Hata hivyo, oksaidi ya itri, bari na shaba, iliyogunduliwa mwaka 1987, hufanya hivyo kwenye nyuzi 180 hivi chini ya sifuri. Utando wake, ukipakwa juu ya mikanda ya metali, tayari hutumika katika baadhi ya nyaya za umeme ng'ambo.

Kwa Kenya, suala hili si nadharia tupu. Madini ya titani ya Kwale yalisafirishwa nje yakiwa ghafi kuanzia 2014, hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Kilima cha Mrima, huko huko Kwale, kina madini adimu ya jamii ya lanthani.

Ufundi unaokaribiana na huo umeshafika Nyeri. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi ipo kampuni ya Semiconductor Technologies Limited, ambayo Marekani iliitangazia msaada wa dola milioni 1.3 Mei 2024. Semikondakta si oksaidi hizi, lakini nazo hudai usafi na upangaji wa tabaka nyembamba.

Kutoka Naro Moru hadi chuo hicho si mbali. Linalosalia ni uamuzi: ama vijana wa Kieni wafundishwe kuyapanga madini hayo atomi kwa atomi, ama nchi iendelee kuyapakia melini.