Muhogo, Viazi na Hesabu ya Maji: Tulikotoka Mpaka Kwenye Kompyuta



Kiangazi kilichopita mzee mmoja wa Wilaya ya Kati aliniita kondeni kwake. Alikuwa amekopa pampu, anamwagilia viazi vitamu asubuhi na jioni, kila siku, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia asiache vikauke. Petroli ilimla pesa zote. Alipochimba, marando yalikuwa yamefunika matuta, lakini viazi vyembamba kama vidole. Akaniambia: "Mwanangu, ulinambia nimwagie. Hukunambia kiasi gani."

Sikuwa na jibu. Nikaanza kufuatilia hesabu ya hicho kiasi imetoka wapi, na kwa nini imechelewa kutufikia sisi wa muhogo, viazi na majimbi.

Zama za kutegemea mvua

Muhogo uliletwa Afrika na Wareno kutoka Amerika ya Kusini. Huku kwetu ukakuta masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Disemba, ukatulia. Wazee walipanda kwa kuangalia udongo: kichanga, kinongo, kinamo, uwanda wa mawe. Majina hayo yalikuwa na maana hata watafiti wa udongo wa zama za ukoloni waliyachukua vilevile walivyoyakuta.

Maji ya kuongozwa yalikwenda kwengine. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, aliyavuta kutoka chemchem za upande wa Bububu kuyapeleka mjini kwa watu kunywa. Baadae miradi ya umwagiliaji ikaenda kwenye mpunga: Mtwango, Bumbwisudi, Cheju, Kibokwa. Muhogo ukaambiwa ni mvumilivu, usubiri mvua.

Hesabu inaanza mbali

Mwaka 1948 mwanasayansi wa Uingereza, Howard Penman, wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, alitoa hesabu ya kukisia maji yanayopotea hewani kutoka ardhini na kwenye majani, kwa kutumia jua, upepo, joto na unyevu wa hewa. Mwaka 1965, C. T. de Wit wa Wageningen, Uholanzi, alitumia kompyuta kukokotoa jinsi majani ya shamba zima yanavyogeuza mwanga wa jua kuwa chakula cha mmea. Hapo ndipo ilipoanza modeli ya mazao: shamba la hesabu ndani ya mashine. Unaipa hali ya hewa, udongo na tarehe ya kupanda, nayo inakisia mavuno.

Mwaka 1979 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilichapisha kitabu cha kueleza mazao hupungua kiasi gani maji yakipungua. Kilikuwa na mazao 26. Ngano imo, zabibu imo, tumbaku imo, mbatata imo. Muhogo haumo. Viazi vitamu havimo. Viazi vikuu na majimbi hayamo. Kwa hiyo bwana shamba wa visiwani aliyekitegemea kitabu hicho alikuwa na jibu la tumbaku, hana jibu la futari.

Mwaka huohuo, kwenye kituo cha CIAT karibu na Cali, Colombia, James Cock na wenzake walichapisha hesabu ya kompyuta ya mmea wa muhogo ulio bora: uwe na majani kiasi gani na matawi kiasi gani ili chakula kisiishie juu. Mwaka 1981 kituo hicho kikatoa majaribio ya muhogo ulionyimwa maji. Kutokana na kazi za aina hiyo tunajua kipindi cha hatari ni mwezi wa kwanza hadi wa tano baada ya kupanda, mizizi inapoanza na kunenepa. Ukame wa miezi miwili ndani ya kipindi hicho unaweza kupunguza mavuno kwa asilimia 32 hadi 60. Uvumilivu wa muhogo, basi, ni kwamba haufi. Si kwamba hauna hasara.

Kuanzia 1982 hadi 1993 mradi mmoja wenye makao Chuo Kikuu cha Hawaii uliunganisha modeli nyingi katika programu moja iitwayo DSSAT, na kazi ya Hawaii ndiyo iliyoleta modeli ya majimbi. Mwaka 1994 ikatoka modeli ya muhogo iitwayo GUMCAS. Mwaka 1998 FAO ikatoa mwongozo mpya wa mahitaji ya maji, safari hii muhogo na viazi vitamu vimo. Mwaka 2009 ikaja programu ya AquaCrop, inayotolewa bure.

Afrika nayo haikukaa kimya. Mwaka 2018 Ezui na wenzake walichapisha modeli ya LINTUL iliyojaribiwa kwa muhogo wa Togo, wakiangalia ukame na tarehe za kupanda. Modeli ya ukoo huo ndiyo iliyo nyuma ya AKILIMO, huduma ya ushauri wa muhogo ya IITA na washirika wake kwa Nigeria na Tanzania, na Zanzibar imo.

Jibu la mzee

Mwongozo wa 1998 unafanya kazi hivi. Tukichukulia siku ya kaskazi kali ambayo hewa inavuta milimita 5 za maji, viazi vitamu vilivyofunika tuta vinazidishwa kwa 1.15, muhogo wa mwaka wa kwanza kwa 0.80. Milimita moja ni lita moja kwa mita moja ya mraba. Kipande cha mita 10 kwa 10 cha viazi kinatumia kama lita 575 kwa siku, ndoo 29. Cha muhogo lita 400, ndoo 20. Mvua iliyonyesha unaitoa humo.

Tena maji hayo si lazima yaende kila siku. Udongo ni mtungi: wa kichanga ni mdogo, mwagia kidogo mara kwa mara, wa kinamo ni mkubwa, jaza kisha uache siku kadhaa. Mzee wangu alikuwa anajaza mtungi uliokwishajaa. Mizizi ikakosa hewa, nguvu zikaenda kwenye marando.

Kwa nini ni sasa

Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2028 inatarajiwa mwishoni mwa Januari, 2030 mwanzoni mwa Januari. Viazi vya futari vitakuwa shambani wakati wa vuli na mwanzo wa kiangazi. Vuli ikikatika, atakayeuza ni mwenye maji, na atakayepata faida ni yule aliyeyapima.

Lakini kompyuta hulisha ulichoilisha. Kisima cha ukanda wa mawe kikivutwa kupita kiasi huingia maji ya bahari. Modeli haijui mpaka uonje wewe. Haijui pia kama pingili zako zina ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaojulikana kwa wataalamu tangu Amani mwaka 1936. Mbegu safi za Kizimbani, Mahonda, Kama au Machui hutangulia pampu.

Fanya haya:

1. Weka kopo lenye ubavu ulionyooka uwanjani, pima mvua kwa rula, andika kila asubuhi.
2. Andika tarehe ya kupanda, na ndoo au saa za pampu.
3. Chimba kwa kidole au jembe kabla ya kumwagia. Chini kukiwa na unyevu, zima pampu.
4. Maji yakiwa machache, yaweke kwenye wiki za mwanzo za viazi na miezi mitano ya mwanzo ya muhogo.
5. Mfanyabiashara, muulize mkulima tarehe ya kupanda kabla hujamuahidi mteja polo.

Mzee ameniwia radhi, ila amenipa sharti: msimu huu daftari tuandike pamoja. Nawe ukiwa na daftari la mvua, njoo nalo. Hesabu tutaifanya kondeni kwako.