Mita za sauti: Sifuri ya mshale si sifuri ya kompyuta

MITA ya sauti ni chombo kinachomwonyesha fundi nguvu ya umeme unaobeba sauti kabla haijahifadhiwa au kurushwa hewani. Katika studio za muziki na vituo vya redio jijini Nakuru, usomaji wake ndio unaoamua iwapo wimbo utasikika safi au utakwaruza daima.

Bonde la Ufa lina mfano bora wa thamani ya rekodi iliyopimwa vyema. Mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis katika eneo la Kapkatet, Kericho, ukiwemo ule wa wasichana uitwao ‘Chemirocha’. Nyimbo hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini na kurejeshwa Kapkatet zaidi ya miaka 60 baadaye, zikiwa bado zinasikika. Laiti kipimo kingekosewa siku ile, wazee waliobaki hawangekuwa na cha kusikiliza.

Mita ya mshale hufanya kazi kwa umeme na sumaku. Maikrofoni hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme unaokwenda mbele na nyuma. Diodi huufanya uelekee upande mmoja, kisha koili iliyo kati ya sumaku huzunguka na kuusukuma mshale. Aina mashuhuri zaidi, VU, ilianza kutumika Marekani mwaka 1939.

Mshale wa VU huchukua takriban sekunde 0.3 kufikia kipimo chake. Kwa sababu hiyo, huonyesha wastani wa sauti, jinsi sikio linavyoihisi, lakini pigo kali la ngoma huweza kupita kabla mshale haujapanda.

Kipimo chenyewe ni desibeli. Kila desibeli 6 zinapoongezwa, volti hukaribia kuwa maradufu. Sifuri kwenye mita ya VU haimaanishi kimya. Ni kiwango cha kawaida cha kazi, ambacho katika mitambo mingi ya studio ni takriban volti 1.23. Juu yake hubaki nafasi ya akiba, na tepu ikizidiwa kidogo, sauti huharibika polepole.

Kompyuta nayo haina mshale wala koili. Hupima umeme huo mara 44,100 au 48,000 kwa sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Katika mfumo wa biti 16, namba kubwa kabisa ni 32,767. Programu huisaka namba kubwa zaidi katika kila kipindi kifupi, ikailinganisha na upeo huo, kisha ikachora mstari wa kijani, manjano au nyekundu.

Hapa sifuri ndiyo dari. Wimbi linalozidi hapo hukatwa kilele, na kupunguza sauti baadaye hakurejeshi kilichokatwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Fundi aliyezoea tepu, akiendelea kuisukuma sauti hadi sifuri kwenye kompyuta, huharibu kazi bila kujua. Ndiyo maana watangazaji wa Ulaya hulinganisha sifuri ya mitambo ya zamani na desibeli -18 za kompyuta, na wa Marekani -20. Nafasi inayobaki huvipokea vilele vya ngoma na vigelegele.

Hata hivyo, vilele havielezi kila kitu. Nyimbo mbili zenye kilele sawa zaweza kutofautiana sana masikioni. Kutokana na hali hiyo, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) lilitoa mwaka 2006 mbinu ya kupima ukubwa wa sauti kwa kuzingatia usikivu wa binadamu. Kipimo chake huitwa LUFS, na mwaka 2010 muungano wa watangazaji wa Ulaya ulipendekeza vipindi viwe -23.

Kwa hivyo, kila mita hujibu swali lake: mshale huonyesha wastani, mstari wa kompyuta huonyesha umbali uliosalia hadi darini, nayo LUFS huonyesha atakachohisi msikilizaji. Wimbo unaporekodiwa, wa kuchungwa kwanza ni mstari wa kompyuta, kwani kosa lake ndilo lisilorekebishika.