Mishahara, vipaji na mataji: kwa nini Garsen haijafika ligi kuu

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 katika Kaunti ya Tana River. Vijiji vyao vimejipanga kandokando ya mto mrefu kuliko yote nchini, na vijana hucheza kandanda popote ardhi inapokauka baada ya mto kufurika. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1963. Tangu siku hiyo hakuna klabu ya kaunti hii iliyowahi kucheza ligi kuu, iwe ya Hola, ya Bura au ya Garsen.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba huku hakuna vipaji. Silikubali, na historia ya mabingwa wa Kenya inanipa sababu.

Kuna ubishi wa zamani katika michezo: timu zinazotawala kwa miaka mingi hujengwa na matajiri au na vipaji? Ligi ya NFL ya Marekani iliweka ukomo wa mishahara mwaka 1994, na mashabiki bado wanagombana kama San Francisco 49ers ya miaka ya 1980 ilibebwa na mfuko wa mmiliki wake, Eddie DeBartolo, au na miguu na mikono ya wachezaji. Uingereza ilikwenda njia nyingine. Hadi 1961 mchezaji wa huko hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki, hata klabu yake ikiwa na fedha za kumwaga. Kenya haijawahi kuweka ukomo kama huo. Basi hapa kwetu kila mwenye nguvu alikuwa huru kuzionyesha, na orodha ya mabingwa inatueleza ni nguvu gani iliyofanya kazi.

Tajiri mmoja mwenye timu yake amefanikiwa mara moja. Elly Kalekwa, mfanyabiashara mzaliwa wa Kongo, aliipandisha Sofapaka hadi ligi kuu, nayo ikatwaa ubingwa wa 2009 katika msimu wake wa kwanza. Haijaurudia. Vipaji vitupu navyo vimefanikiwa mara moja: Mathare United, iliyokuzwa na mradi wa vijana wa mitaa ya mabanda ulioanza 1987, ilishinda ligi mwaka 2008. Ni timu ninayoiheshimu kuliko karibu zote, kwa sababu ililea watoto wake yenyewe. Lakini taji limebaki moja.

Waliotawala ni wengine. Gor Mahia ina mataji zaidi ya 20. AFC Leopards, iliyozaliwa 1964 kwa jina la Abaluhya, inaifuata pamoja na Tusker, ambayo zamani ikiitwa Kenya Breweries na imechukua ligi mara 13. Ulinzi ilishinda mara tatu mfululizo, 2003 hadi 2005, kisha tena 2010. Tusker ni ya kampuni ya bia. Ulinzi ni ya jeshi, na mchezaji wake ni askari mwenye cheo na mshahara wa mwisho wa mwezi. Gor na Leopards hazikuwa na mwajiri, ila zilikuwa na jamii nzima nyuma yao, viingilio vya mlangoni, na viongozi waliojua ofisi ipi ya serikali au shirika gani linaweza kumwajiri kijana anayefunga mabao. Ndivyo Gor ilivyofika hadi kutwaa Kombe la Washindi Afrika mwaka 1987, kwa sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis na 1-1 Nairobi. Hakukuwa na bwana mkubwa aliyeimiliki. Wachezaji walikuwa na kazi, na kazi iliwaweka mjini.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Soka ya Kenya ilijengwa na orodha ya mishahara ya mwajiri. Pitia majina ya klabu za miaka ya 1980 na 1990 utadhani unasoma matangazo ya kazi: Rivatex ya Eldoret, Kenya Taitex Mills ya Thika, Pan Paper ya Webuye, Posta, Mumias Sugar. SoNy Sugar ya Awendo, mji mdogo wa wakulima wa miwa, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006. Oserian, timu ya shamba la maua Naivasha, ilikuwa bingwa 2001 na 2002. Awendo na Naivasha hazikuwa na vijana bora kuliko Ngao au Tarasaa za hapa kwetu. Zilikuwa na kampuni iliyoamua kuwa na timu.

Pwani yenyewe imepata ubingwa mmoja tu, wa Feisal ya Mombasa mwaka 1965. Baadaye mzigo wa soka ya pwani ukabebwa na bandari, na Bandari FC ya leo bado inaishi kwa mfuko wa mamlaka ya bandari. Kwa hiyo kijana wa Garsen mwenye ndoto hutazama Mombasa, zaidi ya kilomita 200 kusini. Nauli anaitafuta mwenyewe, na mahali pa kulala ni kwa jamaa, akiwa naye. Akifeli majaribio ya kwanza anarudi nyumbani, maana hana kazi ya kumshikilia mjini mpaka ajaribu tena. Msimu wa mafuriko unaongeza yake. Mwishoni mwa 2023 maji yaliikata barabara ya Garsen kwenda Lamu, na huwezi kupanga ratiba ya ligi mahali ambapo hata basi halina uhakika wa kufika.

Nusura nasi tupate kampuni. Mwaka 2008 Mumias Sugar pamoja na TARDA, mamlaka ya serikali ya maendeleo ya mito Tana na Athi, walikuwa na mpango wa kupanda miwa kwenye maelfu ya hekta za delta ya Tana na kujenga kiwanda. Wafugaji walihofia malka zao, njia za kuteremshia mifugo mtoni. Wakulima walihofia mashamba yao. Watetezi wa ardhioevu nao wakaingia. Kesi ikaenda mahakamani. Mwaka 2012 delta iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, na kiwanda hakikujengwa. Waliopinga walikuwa na haki, na nasema hivyo nikijua kwamba Mumias ni kampuni iliyowahi kuwa na timu ya ligi kuu. Delta ni malisho, samaki na mpunga wa maelfu ya familia. Isitoshe, Mumias yenyewe iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Viwanda vya nguo vilipoanguka miaka ya 1990 timu zake zilikwenda navyo, na Oserian haikukaa sana baada ya mataji yake mawili. Mwajiri anayejenga timu ndiye huyohuyo anayeweza kuizima kwa barua moja.

Mwaka huohuo wa 2012 delta ilipata jeraha ambalo halijapona vizuri. Kati ya Agosti na Januari 2013 mapigano ya Wapokomo, ambao ni wakulima, na Waorma, ambao ni wafugaji, yaliua watu zaidi ya 100. Baada ya hapo kandanda ilipewa kazi nyingine: kuwakutanisha vijana wa pande mbili uwanjani. Ni kazi njema na inastahili fedha. Lakini mashindano ya amani huchezwa wikendi moja, kombe likatolewa, jezi zikagawanywa, kisha kila mtu akaenda zake. Ya wanasiasa ni hivyo hivyo, mipira hujaa uchaguzi ukikaribia. Ligi inahitaji miezi tisa ya mazoezi, matibabu ya goti na chakula. Hakuna wikendi inayoweza kulipia hayo.

Bingwa wa msimu wa 2024/25 alikuwa Police FC, kwa mara yake ya kwanza. Polisi, kama jeshi kabla yao, wana mishahara isiyotegemea bei ya sukari wala ya maua. Katika Tana River, tangu ugatuzi ulipoanza 2013, mwajiri wa namna hiyo yupo: serikali ya kaunti, na makao yake yako Hola. Wafanyakazi wa kaunti hukusanyika kila mwaka kwa michezo ya kaunti zote, wakashindana wao kwa wao. Nafasi chache katika orodha ya mishahara ya kaunti, za vijana ishirini wa Garsen, Bura na Kipini wanaoajiriwa kwa sababu wanacheza mpira, zingefaa kuliko mashindano mengi ya siku mbili yanayofanywa sasa. Awendo ilianza na kitu kama hicho.