WAKASIGAU: KIAMBISHI, MPAKA NA HUKUMU YA 1915

Mnamo Oktoba 1847 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai, akaivuka nyika kavu ya Taru, akaufikia mlima mmoja uliosimama peke yake uwandani. Katika maandishi yake aliuita Kadiaro. Mlima huo ndio tuujuao leo kwa jina la Kasigau, kusini-mashariki ya Voi. Nao wenyewe wakaao huko hulitamka jina hilo kwa gh, Kasighau, sauti ambayo makarani wa serikali hawakujishughulisha kuiandika. Miezi michache baadaye, tarehe 11 Mei 1848, Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, na habari hiyo ikaifunika ile ya kwanza. Wataalamu wa Ulaya walibishana juu ya theluji kwa miaka mingi, na Kasigau ikaachwa kando.

Makala haya hayakusudii kueleza historia yote ya mlima huo. Tunachunguza neno moja tu, Wakasigau, na tunashikilia kwamba neno hili lilikuwa na maana moja kabla ya Agosti 1915 na maana nyingine baada yake. Badiliko hilo halikuletwa na wasemaji. Lililetwa na mpaka wa nchi. Waandishi wengi wa siasa za Kenya huanza kwa kudhani kuwa makundi ya watu yalitangulia na mipaka ikafuata, ama kwa kuyagawa ama kwa kuyakusanya. Katika Kasigau twaona kinyume chake.

Yafaa kwanza tuangalie sarufi. Kiambishi cha ngeli ya kwanza na ya pili kinapotiwa mbele ya jina la mahali, kama katika Mpemba, Mtumbatu au Wamvita, hutuambia mtu anakaa wapi au ametoka wapi. Hakituambii babu yake ni nani. Kabila, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, hudai jambo jingine, yaani nasaba. Mtawala wa kikoloni hakuona tofauti hiyo. Katika daftari lake kila neno lenye wa- liliingizwa katika safu ya makabila, na kila kabila lilipewa tabia, mzee mmoja wa kulisemea, na eneo lenye mistari minne.

Kasigau ya zamani haikuwa na sura hiyo. Ulikuwa mlima wa maji katikati ya nchi isiyo na maji. Ukungu hutua juu yake na vijito hushuka, ilhali chini pande zote ni vichaka na vumbi. Mtu aliyekimbia njaa au vita alikuwa na sababu ya kwenda huko. Utafiti wa kiakiolojia wa Chapurukha Kusimba na wenzake umeyaonyesha mapango ya Kasigau yaliyozibwa kwa kuta za mawe, nao wameyahusisha na kujikinga katika karne za biashara ya watumwa. Lugha nayo hushuhudia mchanganyiko. Kidawida na Kisagalla, ambazo kwa mazoea huitwa Kitaita pamoja na usemi wa Kasigau, hutofautiana sana kuliko jina hilo moja linavyodokeza. Na Ehret na Nurse wamebainisha, kwa kuyafuata maneno ya mkopo, kwamba wasemaji wa lugha za Kikushi waliwahi kuishi katika vilima hivyo. Kwa hiyo kuitwa Mkasigau kulimaanisha kukaa Kasigau na kukubaliwa na waliokukuta huko.

Sasa tuingie katika mpaka. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuigawa nchi kwa mstari unaoanzia mlango wa mto Umba, karibu na Vanga, na kwenda hadi Ziwa Jipe. Kutoka hapo mstari uvuke mto Lumi, upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Uchagga, kisha uzunguke Kilimanjaro upande wa kaskazini. Msomaji aone jinsi mkataba huo ulivyoandikwa. Kati ya Umba na Jipe hapakutajwa watu, kana kwamba hapana mtu. Karibu na Kilimanjaro watu walitajwa, lakini kama vigingi vya kupimia: huyu awe huku, yule awe kule. Mkataba wa 1890 uliuacha mstari huo kama ulivyokuwa.

Lugha haikuufuata mstari. Guthrie, katika mpango wake wa kuzipanga lugha za Kibantu, ameiweka Kitaveta katika kundi la G20 pamoja na Kichasu cha Upare, Kishambaa na Kibondei, ambazo zote ziko ng'ambo ya mpaka. Kitaita ameiweka katika E70, pamoja na Kipokomo na lugha za Mijikenda. Mpango wa Guthrie una kasoro zake, na wengine baada yake wamependekeza kuisogeza Kidawida karibu na Kichagga. Hata hivyo pande zote mbili za mjadala huo huuruka mpaka wa 1886 bila kuuona. Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo nilishangaa kuona ramani za lugha ukutani zikiwa na rangi zilizobadilika ghafla palepale mpaka wa nchi ulipopita. Aliyezipaka rangi hakuwa amemsoma Guthrie, wala Kimambo juu ya historia ya Wapare.

Kwa karibu miaka thelathini mstari huo haukuisumbua sana Kasigau. Kilichoisumbua ni reli. Njia ya reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilipita Voi, kaskazini ya mlima. Basi Kasigau ikawa kati ya mambo mawili ambayo haikuyaomba: mpaka wa Wajerumani upande mmoja na reli ya Waingereza upande wa pili, nayo ndiyo yenye maji. Vita vilipoanza, Wajerumani waliiteka Taveta mnamo Agosti 1914, kisha wakawa wanatuma vikosi vidogo kuvuka nyika na kutega baruti relini. Waingereza waliweka askari Kasigau. Kituo hicho kiliposhambuliwa mwaka 1915, maofisa waliamua kwamba adui asingaliweza kufika bila kuonyeshwa njia, na kwamba walioonyesha ni wenyeji.

Inawezekana kabisa kwamba mtu fulani alionyesha njia. Askari mwenye bunduki akikuuliza kisima kiko wapi, jibu lako si tamko la siasa. Lakini hukumu haikumtafuta mtu huyo. Mnamo Agosti 1915 vijiji vilichomwa moto, na watu wote, wanaume kwa wanawake, wazee na watoto, wakakusanywa na kupelekwa Malindi. Hapana aliyeulizwa alifanya nini. Ilitosha kwamba alikuwa na wa- mbele ya jina la mlima. Kiambishi cha makazi kilikuwa kimefanywa ushahidi wa hatia.

Tena kuna jambo ambalo masimulizi ya vita hulipita haraka. Mwezi Desemba 1915, miezi minne baada ya hao waitwao wasaliti kuondolewa, Wajerumani waliiteka Kasigau, wakakaa huko hadi majeshi ya Waingereza yaliposonga mbele mwanzoni mwa 1916. Mlima haukuwa na Mkasigau wa kuwaongoza. Ikiwa kuwahamisha watu kulikusudiwa kuulinda mlima, matokeo yake yanajulikana.

Pwani ya Malindi, yenye joto na malaria, iliwapokea vibaya watu waliozoea hewa ya mlimani. Wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Baadaye waliosalia walisogezwa karibu na Mwatate, katika nchi ya Taita lakini si kwao, na ruhusa ya kurudi Kasigau haikutolewa ila mwaka 1936. Ni miaka ishirini na moja. Mtoto aliyezaliwa Malindi mwaka 1916 alikuwa mtu mzima kabla hajauona mlima ambao jina lake alilibeba.

Hapa ndipo maana ya neno ilipogeuka. Kama kiambishi kingebaki na kazi yake ya kwanza, watu waliokaa Malindi na Mwatate kwa miongo miwili wangepata jina jingine, kama walivyopata wahamiaji wengine wengi katika Afrika ya Mashariki. Wao walibaki Wakasigau. Neno lililokuwa la makazi likawa la ukoo, kwa sababu makazi yalikuwa yameondolewa na ukoo tu ndio uliosalia kuthibitisha haki ya kurudi. Serikali iliwaadhibu kama kabila. Nao wakalazimika kudai nchi yao kama kabila. Sidhani kwamba hili linapaswa kuitwa ukabila kwa maana ya lawama tuliyoizoea. Hawakupewa mlango mwingine wa kuingilia.

Bill Bravman, katika kitabu chake cha mwaka 1998 juu ya Taita, ameeleza kwamba hata Utaita kwa jumla ni kitu kilichojengwa, na kwa sehemu kubwa wakati wa ukoloni. Tunakubaliana naye, ila twaongeza kwamba ujenzi huo haukuwa sawa kila mahali. Katika vilima vya Dawida uliharakishwa na misheni, shule na madai ya ardhi. Taita Hills Association, chama cha Woresha Mengo na Jimmy Mwambichi, kilidai ardhi hiyo hadi kilipopigwa marufuku mwaka 1940. Katika Kasigau ulitanguliwa na uhamisho. Mtu aliingia katika Utaita akiwa tayari Mkasigau kwa njia ambayo Mdawida hakuijua.

Waliorudi hawakuikuta nchi ileile. Mwaka 1948 hifadhi ya Tsavo ilianzishwa, na leo hifadhi hizo zinachukua takriban asilimia 62 ya kaunti ya Taita Taveta. Vijiji vya Rukanga, Jora, Makwasinyi, Kiteghe na Bungule vimeuzunguka mlima. Nje yake ni ranchi, na nyuma ya ranchi ni hifadhi. Hata miti imepata mpaka: mwaka 2011 mradi wa Kasigau ulikuwa wa kwanza duniani kupewa hati za kaboni za REDD+ chini ya kiwango cha VCS, na jina la mlima likauzwa katika masoko ambayo Rebmann asingeyaota. Nani agawiwe mapato, na kwa kuwa mkazi au kwa kuwa mzaliwa, ni swali lilelile la kiambishi.

Katiba ya 2010 imeleta mipaka mingine. Kasigau sasa ni wadi katika eneo bunge la Voi, na kaunti yake ina ugomvi na Kwale juu ya Mackinnon Road, na Makueni juu ya Mtito Andei. Ibara ya 188 inaruhusu mpaka wa kaunti ubadilishwe kwa pendekezo la tume huru na kwa theluthi mbili za Bunge la Taifa na za wajumbe wa kaunti katika Seneti. Na miongoni mwa mambo ya kuzingatiwa imetaja uhusiano wa kihistoria na wa kitamaduni, pamoja na maoni ya jamii zinazohusika. Mkataba wa 1886 haukuwa na kifungu kama hicho, wala amri ya 1915. Lakini Katiba haikufafanua jamii inayohusika ni ipi: ni wale wakaao mahali hapo siku tume itakapofika, au ni wale ambao jina la mahali hapo limo katika jina lao, popote walipo?