Huru Si Bure: Historia ya Programu Huria na Amri ya Saba

Katika ofisi ya usharika wetu hapa Mawengi kuna rejista tatu kubwa za karatasi: ya ubatizo, ya kipaimara na ya ndoa. Tulipopata kompyuta ya kwanza tuliona kwamba sasa tumepumzika. Tuliipeleka mjini kwa fundi atuwekee programu. Aliziweka zote kwa siku moja, kwa bei ndogo, nasi hatukuuliza zimetoka wapi. Tukaanza kuingiza majina ya waliobatizwa, ahadi za washarika na hesabu za sadaka.

Wiki moja kabla ya mkutano mkuu wa usharika, kompyuta ikatuandikia kwamba nakala yetu si halali. Programu ya hesabu ikakataa kufungua kazi ya miaka miwili. Flashi tuliyohifadhia nakala nyingine ilikuwa imeliwa na virusi. Wazee wa kanisa walikesha wakinakili upya kutoka kwenye daftari. Yale ambayo hayakuwa kwenye karatasi yalipotea moja kwa moja.

Usiku ule mzee mmoja aliuliza: "Baba Mchungaji, hii programu tuliinunua au tuliiba?" Hatukuwa na jibu la haraka. Mwezi uleule tulikuwa tukiwafundisha watoto wa kipaimara amri ya saba. Insha hii imetokana na swali lile. Tulipotafuta jibu tulikuta historia ndefu, na sehemu yake imepita hapa kwetu Tanzania na ndani ya kanisa letu.

Printa iliyokataa kurekebishwa

Programu ya kompyuta huandikwa na watu, kwa lugha ambayo mtaalamu anaweza kuisoma. Maandishi hayo huitwa msimbo. Mwenye msimbo anaweza kuona programu inafanya nini na kuirekebisha ikiharibika. Asiye nao ni kama mtu aliyeuziwa mashine ya kusaga ambayo boksi lake limechomelewa pande zote: siku ikikwama, atamngoja mwenye kiwanda.

Mwanzoni wataalamu wengi walipeana msimbo kama majirani wanavyopeana mbegu. Karibu na mwaka 1980, katika chuo cha MIT huko Marekani, kijana Richard Stallman na wenzake waliletewa printa mpya ya kampuni ya Xerox. Karatasi zilikuwa zikikwama mara kwa mara. Kwenye printa ya zamani walikuwa wamerekebisha programu ili iwaarifu watumiaji karatasi inapokwama. Kwa hii mpya hawakuweza, kwa sababu msimbo ulifichwa. Stallman alimwendea mtaalamu wa chuo kingine aliyekuwa nao, naye akamnyima, maana alikuwa ameweka sahihi ya ahadi ya kutompa mtu.

Jambo lile lilimkaa moyoni. Mwezi Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, akinuia kuandika mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu angekuwa huru kuutumia. Mwaka 1985 akaanzisha taasisi ya kuusimamia, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL. Msingi wake ni uhuru wa namna nne: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo na kuurekebisha, kumgawia jirani nakala, na kugawa pia kile ulichokirekebisha. Anayeipokea kwa uhuru huo na kuigawa kwa mwingine hana ruhusa ya kumnyima uhuru uleule.

Mwaka 1991 mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini cha mfumo alichokiandika, nacho kikaitwa Linux. Mwaka uliofuata alikiweka chini ya leseni ya GPL. Simu za Android, ambazo wengi wetu tunazo mfukoni hata ibada ikiendelea, zinaendeshwa juu ya kiini hicho.

Hatusemi kwamba Stallman ni mhubiri. Yeye mwenyewe amesema wazi kuwa haamini Mungu. Lakini Biblia inatufundisha kwamba Bwana alimtumia Koreshi, mfalme wa Uajemi, ambaye hakumjua, ili watu wake warudi kujenga. Jambo jema halipotezi wema wake kwa sababu limeanzia nje ya kanisa.

Sisi Walutheri tulikwisha kuliona jambo hili

Martin Luther alipotafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, likatoka Septemba 1522, alifungua kitu kilichokuwa kimefungwa. Kabla ya hapo mshirika wa kawaida alitegemea kile alichosomewa na wenye kujua Kilatini. Biblia nzima ikafuata mwaka 1534. Kwa kazi zake Luther hakudai malipo kwa wachapaji.

Hata hivyo wachapaji wa miji mingine walichapa upya kazi yake ovyo ovyo, wakaijaza makosa, na jina lake likabaki juu. Alilalamika sana. Mwaka 1524 aliweka alama kwenye toleo lake, mwanakondoo na waridi tulijualo kama waridi la Luther, ili msomaji ajue lipi limetoka mkononi mwake. Hakutaka Neno lifungwe, na hakutaka liharibiwe na mtu asiyewajibika. Leseni ya GPL nayo ina sharti la namna hiyo: ukirekebisha programu, onyesha kwamba umeirekebisha, ili kosa lako lisibebeshwe mwingine.

Katika Katekisimo Ndogo Luther hakuishia kusema tusichukue mali ya jirani. Alifundisha pia kwamba tumsaidie jirani kuitunza mali yake na kuiboresha. Amri ya saba ina pande mbili, nasi katika ofisi yetu tulikuwa tumevunja upande wa kwanza na kuusahau wa pili.

Dar es Salaam, 2004

Biblia ya Kiswahili haikushuka kutoka mbinguni ikiwa tayari. Krapf alianza kutafsiri Mombasa baada ya kufika huko mwaka 1844. Steere alitoa Agano Jipya Zanzibar, na Mlutheri Karl Roehl alitoa Biblia yake mwaka 1937. Kila mmoja alihangaika kutafuta neno la Kiswahili kwa jambo ambalo bado halikuwa na neno.

Mwaka 2004 kazi ya namna hiyo ilifanyika tena, safari hii kwa kompyuta. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao kutoka Sweden, waliendesha mradi ulioitwa Kilinux. Walichukua OpenOffice, programu huria ya kuandika barua na kufanya hesabu, wakaitafsiri kwa Kiswahili. Kabla mwaka haujaisha ilitoka, ikaitwa Jambo OpenOffice. Hawakuhitaji kumwomba ruhusa mwenye kiwanda, kwa kuwa leseni ilikuwa imekwisha kuwapa. Mwaka uleule kampuni ya Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuzileta programu zake kwa Kiswahili.

Lakini toleo lile halikudumu kama lilivyotarajiwa. Programu inahitaji kutunzwa kila mwaka, la sivyo inazeeka. OpenOffice yenyewe ilipata mrithi mwaka 2010, LibreOffice, na kazi ya Kiswahili haikwenda kwa kasi ile ya mwanzo. Hapa kuna fundisho ambalo tutalirudia.

Wakati huohuo hospitali zetu nazo zilikuwa zikitafuta njia. Baadhi ya hospitali za KKKT zilichukua Care2x, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa ambayo mwanzilishi wake, Elpidio Latorilla, alikuwa muuguzi, wakairekebisha ilingane na kazi ya kwetu. Serikali nayo ilichukua DHIS2, programu huria iliyokuzwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo mizizi yake iko Afrika Kusini baada ya mwaka 1994. Kila mama anayeandikwa katika vitabu vya MTUHA kwenye zahanati, hesabu yake huishia katika mfumo huo.

Kiswahili kinatusaidia

Kwa Kiingereza, kitu kisicholipiwa na kitu kisichofungwa huitwa kwa neno moja, na watu wa lugha ile wamebishana miaka mingi kwa sababu hiyo. Sisi tuna maneno mawili: bure na huru. Tena bure kwa Kiswahili ina maana mbaya pia, kwamba kitu ni kazi bure. Ndiyo maana wataalamu wetu walisema programu huria, kama tunavyosema Chuo Kikuu Huria. Mwanafunzi wa chuo kile analipa ada. Uhuria wake uko katika mlango.

Watu wa Mawengi hatuhitaji kueleweshwa sana. Umeme wetu unatokana na maji ya mto wetu. Mtambo ulijengwa kwa msaada wa shirika la ACRA la Italia, na uendeshaji ukawekwa mikononi mwa jumuiya ya watumiaji, LUMAMA. Maji ya Mungu hatuyalipii, lakini umeme tunaulipia. Mfereji usiposafishwa, taa zinazimika, hata kama mto umejaa. Jambo OpenOffice ilikuwa mto uliojaa, na wa kusafisha mfereji wakawa wachache.

Tuliamua nini

Baada ya usiku ule baraza la wazee liliamua mambo matatu. Kwanza, programu zote za wizi ziliondolewa. Barua, matangazo na orodha za washarika sasa tunaziandika kwa LibreOffice. Pili, programu moja ya hesabu ambayo hatukupata mbadala wake tuliinunua kwa halali, na risiti imo kwenye faili la mhasibu. Hatukufanya programu huria kuwa sheria mpya ya wokovu. Mtu anayelipia leseni yake halali hajatenda dhambi. Tatu, rejista za ubatizo zinahifadhiwa katika faili ambazo programu yoyote inaweza kuzifungua, na za karatasi hazitupwi.

Haikuwa rahisi. Nyaraka tulizoletewa na wengine zilifunguka zimepinda, majedwali yakihama mahali pake. Katibu wetu alinung'unika miezi miwili. Vijana wawili wa kwaya walijifunza, wakamfundisha, na sasa wanawafundisha wa mitaa mingine. Kwa kufanya hivyo wanalipa kile walichopokea, maana Bwana aliwatuma wanafunzi wake akiwaagiza watoe bila malipo kwa kuwa walipokea bila malipo.

Mtoto aliyebatizwa mwaka huu atakuja kuomba cheti chake cha ubatizo labda baada ya miaka ishirini, anapotaka kufunga ndoa. Wengi wetu hatutakuwapo. Rejista ni ahadi kwake kwamba kanisa linamkumbuka kwa jina. Hatuna haki ya kuifungia ahadi hiyo ndani ya sanduku ambalo ufunguo wake uko kwa mtu tusiyemjua, wala kuiandika kwa kalamu ya wizi.

Mzee yule aliyeuliza swali alijibiwa katika mkutano mkuu mbele ya washarika wote: tuliiba, Mzee, nasi tumetubu. Akasimama, akatoa sadaka ya kununulia diski ya kuhifadhia nakala.