Shaba, mwangaza na saa: namna atomu ilivyopunguzwa mwendo

Mwezi wa tano 1978 vita iliingia Kolwezi na familia nyingi zikakimbia. Wakati huo jimbo letu liliitwa Shaba. Mwaka uleule, huko Boulder, Marekani, David Wineland na wenzake walionyesha kwamba mwangaza wa leza unaweza kupoza atomu zenye umeme. Leo historia hizo mbili zinakutana kwenye mipaka ya viwanja vyetu.

Katanga tukisikia atomu tunakumbuka urani ya Shinkolobwe na bomu la Hiroshima, 1945. Hii ni habari nyingine: hapa atomu haipasuliwi, inatulizwa.

Atomu za sodiamu zikitoka kwenye tanuru hukimbia karibu mita 1,000 kwa sekunde. Zinapita kabla hazijapimwa vizuri. Huko Gaithersburg, William Phillips na Harold Metcalf walimulika leza uso kwa uso na mkondo wa atomu hizo. Kila atomu ikimeza punje moja ya mwangaza, mwendo wake unapungua sentimita 3 tu kwa sekunde. Kuisimamisha kunahitaji punje zaidi ya 30,000.

Tena kuna shida. Honi ya lori hubadilika sauti lori likikupita. Vivyo hivyo, atomu ikipunguza mwendo, rangi ya leza kwake inabadilika, na mwisho haiimezi tena. Dawa ilikuwa waya wa shaba uliozungushwa kwenye bomba refu, mizunguko mingi mwanzoni, michache mwishoni. Sumaku yake iliirekebisha atomu hatua kwa hatua ili ibaki ikilingana na leza. Mwaka 1982 walitangaza kazi hiyo. Mwaka 1985 atomu zilisimama.

Mwendo ulipimwa kwa leza ya pili, hafifu: rangi inayozifanya atomu zing'ae ndiyo inayoonyesha kasi yake. Mwaka 1988 kundi la Phillips liliziachia atomu baridi na kupima zinatumia muda gani kufika kwenye leza nyingine. Zilikuwa baridi kuliko nadharia ilivyoruhusu. Claude Cohen-Tannoudji, mzaliwa wa Constantine, Algeria, ni kati ya walioeleza sababu. Mwaka 1997 yeye, Phillips na Steven Chu walipewa Tuzo ya Nobel.

Atomu iliyotulia inatoa saa nzuri. Saa ya NIST-F1, ya mwaka 1999, ilikadiriwa kutokosea hata sekunde moja katika miaka milioni 20. Saa za ardhini za namna hiyo husaidia kusahihisha wakati wa dunia, na saa za setilaiti za GPS hufuata wakati huo. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni mita 300 ardhini: nyumba yako inahamia mtaa mwingine.

Kwa hiyo, ndugu zetu mliohamishwa kwa sababu ya migodi, au mnaoambiwa mtahama: mpimaji akija na GPS, ombeni namba alizosoma kwenye kila pembe ya kiwanja, muziandike na kuzitunza. Nyumba ikibomolewa, namba hizo bado zitaonyesha ilisimama wapi.