Ugonjwa wa Jina

Mwaka 1952, orodha ya kwanza ya maradhi ya akili iliyotolewa na chama cha madaktari wa akili wa Marekani iliyahesabu mapenzi ya jinsia moja kuwa ugonjwa. Ushahidi ulitokana zaidi na watu waliokuwa hospitalini na magerezani. Ni ajabu gani, basi, kukuta wagonjwa hospitalini? Evelyn Hooker wa Los Angeles aliwafuata walioishi maisha yao ya kawaida. Aliwapima wanaume 30 wa kundi hilo na wengine 30 wasio wa kundi hilo, na mwaka 1957 akaeleza kwamba mabingwa waliosoma majibu bila kujua wenyewe ni akina nani walishindwa kuwatenganisha. Desemba 1973 jina hilo liliondolewa orodhani, japo badala yake likawekwa jingine, pole zaidi, kwa wale waliosumbuliwa na hali yao. Mwaka 1990 Teresa de Lauretis alipobuni jina la nadharia ya kwia, kutokana na neno la Kiingereza lililokuwa tusi, swali la msingi lilikuwa limekwisha kuulizwa: ni nani achoraye mpaka kati ya mzima na mgonjwa? Saikolojia ya afya ya jamii haiwezi kulikwepa swali hilo, kwani aliyekwisha kuitwa mgonjwa kwa vile alivyo humficha mganga hata homa yake.